Kusoma Moto wa Kale Katika Tope la Uzi

Barabara ya kwenda Uzi, kisiwa kidogo kusini mwa Unguja, hupangiwa na bahari. Maji yakijaa inafunikwa, yakipwa inarudi kuwa njia ya mawe na tope katikati ya mikoko, kwa hiyo safari yetu nzima ilifuata saa za maji. Tulipanda gari ya shamba asubuhi, tukapita Tunguu na Bungi, tukateremka Unguja Ukuu maji yakiwa ndiyo kwanza yanatoka.

Nilifuatana na binti anayesomea historia ya mazingira. Begani alikuwa na bomba la chuma lililokatwa nusu duara, refu kumshinda kimo. Anatafuta chembe za makaa zilizolala topeni tangu misitu na makonde ya upande huu yalipoungua, ili ajue moto ulikuja lini, mara ngapi, na uliunguza nini.

Tulipitia kwanza Kaepwani, ulipokuwa mji wa kale. Kufikia karne ya 7 hapa palikuwa na bandari ya biashara, na mchimbuzi wetu wa Zanzibar, Abdurahman Juma, alifanya kazi kubwa ya kuufukua na kuueleza. Kinachonigusa zaidi ni kwamba hata chakula cha wenyeji wale tunakijua kwa sababu ya moto. Punje za mtama na uwele zilizookotwa humo zimedumu kwa kuwa ziliungua. Ambazo hazikuungua zilioza au zililiwa na wadudu zamani sana.

Siri ni hiyohiyo kwa miti. Ukuni ukiungua pasipo hewa ya kutosha hauishi wote kuwa majivu. Sehemu yake hugeuka kaboni ngumu ambayo vijidudu vinavyoozesha haviiwezi kirahisi. Ikichukuliwa na upepo au maji ya mvua ikatua kwenye tope la mikoko, ambako hewa haipenyi, hukaa hapo karne kwa karne huku tope jipya likiifunika.

Tuliingia mikokoni tukiwa tumekunja nguo hadi magotini. Binti alisimamisha bomba, akalizungusha huku akilikandamiza, kisha tukalivuta pamoja. Tope lililotoka lilikuwa linang'aa na kuteleza kama halua ya moto, kijivu juu, kahawia kwenye nyuzi za mizizi, jeusi zaidi chini. Harufu ya yai viza ikatupanda. Alilipima kwa rula, akakata vipande vyembamba na kuvifunga kimoja kimoja, kila mfuko na kina chake.

Kipande kimoja alikisuuza palepale kwenye chujio ili nione kwa macho yangu. Tope likaenda na maji, zikabaki nyuzi, vipande vya kombe na vidoa vyeusi. Alichukua sindano akabonyeza kidoa cha kwanza: kikajikunja. Huo ni mzizi uliooza. Cha pili kikavunjika kwa mkato, kingo zake kali, kikaacha weusi kwenye ncha ya sindano. Hilo ndilo kaa. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba niliinama juu ya chujio lile mpaka shingo ikaniuma.

Maabara, kazi hiyo hufanywa kwa darubini. Tope huloweshwa kwenye dawa inayopausha mabaki yasiyoungua, na makaa hubaki meusi yakahesabiwa. Chembe zinazozidi mikromita 125, yaani sehemu ya 8 ya milimita, kwa kawaida hazisafiri mbali na moto wake. Zile ndogo sana upepo unaweza kuzivusha hata bahari. Umbo nalo linasema: makaa ya nyasi huwa membamba marefu, ya mti huwa na pembe. Umri hupimwa kwa kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, ambayo nusu yake hupungua kila miaka 5,730. Mikokoni kuna mtego hapo, maana mizizi hushuka na kupeleka kaboni changa kwenye tope la zamani, na kaa wanaoishi humo nao hawaachi kuchimba mashimo. Ndiyo sababu binti yule hachagui cha kupima kwa pupa.

Upande wa Uzi tulimkuta mzee amekaa kivulini anasuka tenga. "Shikamoo babu." "Marahaba wanangu, karibuni." Alipoelewa tunatafuta nini, aliliweka tenga chini. "Uwanda hauna jembe," alisema. "Uwanda ni panga na moto." Uwanda ni ardhi ya mawe ya matumbawe, na juu ya mawe yale jembe halipati pa kuingia. Wakulima hukata vichaka kiangazi, wakaviacha vikauke, wakavichoma kabla ya masika, wakapanda kwenye majivu. Baada ya misimu kadhaa konde huachwa msitu urudi.

Mjini nimesikia mara nyingi kwamba watu wa uwanda wanachoma ovyo. Sikubaliani. Mwaka 1941 mtaalamu wa mimea Johannes Iversen wa Denmark alionyesha kwamba makaa na chavua kwenye matabaka ya kale huweza kumtambulisha mkulima anayefyeka, anayechoma, kisha anauachia msitu. Tope letu linastahili kusomwa kwa uangalifu uleule. Kaa lililoko mikokoni laweza kutoka kondeni, kwenye tanuri la chokaa, kwenye jiko la kijiji, au likaletwa na maji kutoka mbali. Kuona weusi mwingi na kutangaza kuwa wahenga waliteketeza kisiwa ni kuwaonea.

Namna moja ya kupunguza ubishi ni kuanzia juu. Risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi, ambayo nusu yake hupotea kwa miaka 22 hivi, hupima matabaka ya karne moja na ushei iliyopita, na hiyo ni miaka ya mzee yule, baba yake na babu yake. Kwa hiyo, kabla maji hayajarudi, tulimwomba atutajie makonde: lipi lilichomwa lini, lipi liliachwa, na tanuri za chokaa zilikuwa wapi. Binti aliandika yote pembeni ya vipimo vya tope. Wenye wazee Uzi, Kizimkazi na Makunduchi, kaeni nao muandike hayohayo. Maabara ikishatoa miaka, orodha hizo ndizo zitakazosaidia kutenganisha moto wa konde na moto wa tanuri.