Kuku Hakamatwi Mchana

Julai 2011 nilivuka Ziwa Victoria kutoka Kigongo kwenda Busisi na kasha la barafu, mirija ya damu na daftari jipya. Daraja halikuwepo bado. Tulisubiri kivuko pamoja na malori ya pamba na akina mama wenye matenga ya samaki.

Nilikuwa na swali moja. Kuku wawili wa boma moja wamepata tone lilelile la chanjo ya mdondo jichoni. Mbona mmoja anajenga kinga na mwenzake hajengi? Sehemu ya jibu ni ukoo, maana kuchi, kishingo na kibutu hawakurithi damu moja. Sehemu nyingine niliamini imo kwenye kotikosteroni, homoni ambayo kwa kuku hufanya kazi inayofanywa na kotisoli kwa binadamu: hupanda mnyama anapotishika au kuteseka. Ikikaa juu siku nyingi husinyaza bursa ya Fabricius, kifuko kilicho karibu na tundu la kinyesi, ambamo seli B za ndege, zile zinazotengeneza kingamwili, hukomaa. Herufi B imetoka humo. Mwaka 1956 Bruce Glick na wenzake walionyesha kwamba kuku walioondolewa kifuko hicho wangali wadogo hushindwa kutengeneza kingamwili. Niliposoma habari hiyo chuoni niliamua kuwa maisha yangu yatakuwa ya kuku.

Ugumu wa homoni hii ni kwamba ukimgusa ndege tu, inaanza kupanda. Una kama dakika tatu za kupata damu. Zikipita, unapima hofu uliyomletea wewe.

Asubuhi ile watoto wa boma walinisaidia kukamata. Walikimbiza jogoo mmoja kuzunguka mihogo, akapenya uzio wa minyaa, akaruka hadi juu ya paa. Nilipoupata mshipa wa bawa lake saa yangu ilisoma dakika kumi na moja. Nikachukua damu hivyo hivyo, yake na ya wengine wanane, nikaandika namba ambazo moyoni nilijua hazifai.

Bibi mwenye boma alikuwa anachambua dagaa kwenye turubai. Alituacha mpaka tukachoka.

“Mwanangu, hawa unataka damu yao au roho zao?”

Nilimweleza habari ya dakika tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono umetulia juu ya dagaa.

“Kuku hakamatwi mchana. Utalala hapa.”

Usiku ule haukuwa na mwezi. Ziwani karabai za wavuvi wa dagaa zilijipanga kama mji mwingine. Bibi aliingia bandani bila taa, mimi nikimfuata na tochi niliyoifunika kwa kitambaa chekundu. Hakuwavuta kwa miguu. Alipitisha kiganja chini ya kifua, akamnyanyua kuku pamoja na usingizi wake, akamlaza mapajani pangu. Kuku akatoa sauti ndogo, basi. Wa kwanza tulimmaliza kwa sekunde hamsini. Hakuna aliyefika dakika mbili.

Majibu ya maabara yalipotoka, namba za mchana zilikuwa juu na zimetawanyika ovyo. Za usiku zilikuwa chini na zimekaribiana. Sikuzilinganisha, kwa sababu homoni hii ina saa zake za kupanda na kushuka hata kuku asipoguswa. Nilizitupa zote za mchana. Kuanzia hapo, kila kijiji tulichokwenda tulichukua damu usiku, saa ileile, bandani.

Kwenye ripoti niliandika: “Sampuli zilichukuliwa usiku ili kupunguza usumbufu kwa ndege.” Sentensi hiyo inaniuma hadi leo. Aliyeigundua njia hiyo hayumo ndani yake, na mimi ndiye niliyeiandika.

Kuku mmoja tu wa boma lile hatukumpima. Alikuwa tetea wa rangi ya majivu kwenye kapu kuukuu jikoni. Nilimtaka sana, kwa kuwa kuku anayeatamia ana prolaktini nyingi, homoni inayomfanya aatamie, na nilitamani kuona kinga yake iko wapi. Nilipoinama, Bibi alinishika bega.

“Huyo mwache. Mayai yatapoa.”

Daftari lile ninalo bado. Mbele ya nambari 14 hakuna tarakimu, kuna neno moja kwa penseli: anaatamia.