Vivuli juu ya theluji

Leo nimepita tena Musée d'Orsay, jumba la makumbusho la sanaa jijini Paris, kutazama mchoro mmoja tu, La Pie wa mchoraji Mfaransa Claude Monet. Watu wamejazana kwa Van Gogh, huku kwangu nafasi tele.

Ni mashambani karibu na Étretat, Normandy, majira ya baridi ya mwaka 1868 kuamkia 1869. Theluji imelemea matawi, imefunika mapaa na wigo wa fito. Juu ya lango ametua ndege wa ukoo wa kunguru, mweusi, tumbo jeupe, mkia mrefu. Mtu hayumo hata mmoja.

Mchoro umepewa jina la huyo ndege, lakini macho yangu hayakai kwake. Yanashuka kwenye kivuli cha wigo. Jua liko ng'ambo, kwa hiyo kivuli kinaangukia upande wetu, nacho ni cha buluu inayoelekea zambarau. Wapo wanaodhani ni madoido ya mchoraji. Wapi! Pale jua lisipofika, theluji inabaki na mwanga wa anga, na anga ni buluu. Ukisogea karibu, kadiri mlinzi atakavyokuvumilia, unaona krimu, waridi hafifu na manjano kidogo mahali ulipodhani ni nyeupe tupu.

Waamuzi wa Salon ya Paris, maonyesho rasmi ya sanaa ya wakati huo, waliukataa mwaka 1869. Monet alikuwa kijana wa miaka 28, mfuko mtupu, mpenzi wake Camille na mtoto wao mdogo Jean wanamtegemea. Na theluji hakuichorea chumbani. Mwandishi mmoja wa gazeti la Le Havre aliwahi kusimulia alivyomkuta nje akiichora: makoti matatu mwilini, glavu mikononi, uso nusu umeganda, na kifaa cha kupashia miguu joto. Nikikumbuka hilo, wale waamuzi wananiudhi kweli.

Mchoraji mwenzake Pissarro naye alikiona cha moto mwaka 1874, kwa shamba lake lenye umande ulioganda, Gelée blanche. Mwanamume anapita na mzigo wa kuni mgongoni, na matuta yamekatwa na vivuli vya miti isiyoonekana. Mhakiki Castagnary aliona ni kosa kubwa kuchora kivuli cha mti ulioachwa nje ya fremu. Mimi hapo ndipo ninapopapenda. Naihisi hiyo miti nyuma yangu.

Ila wa kutundika sebuleni ningechukua wa Monet. Mke wangu hapendi kunguru wa aina yoyote, kwa hiyo ungeishia koridoni.