Muhuri Mmoja, Dakika Mbili

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya ofisa uhamiaji wa nchi yangu, akaifungua pasipoti yangu, akagonga muhuri na kusema, "Karibu nyumbani." Haikuchukua hata dakika mbili. Kwa miaka 14 niliyokaa ugenini nimekuwa wakili wa waomba hifadhi, na ninawafahamu watu wengi ambao wangetoa kila walicho nacho ili waambiwe maneno hayo.

Kazi yangu haikuanzia kwenye sheria za uhamiaji. Nilianza katika shirika dogo la haki za binadamu, nikiandika maelezo ya watu waliowahi kuwekwa kizuizini na kuteswa. Huko ndiko nilikojifunza kusikiliza bila haraka, kuuliza mtu alisikia nini na aliona nini kabla ya kumuuliza ilikuwa tarehe ngapi, na kunyamaza anaponyamaza. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa kuchunguza utesaji uliokamilishwa mwaka 1999, inatambua kwamba aliyeteswa anaweza kushindwa kukumbuka sawasawa mahali, nyakati na mfuatano wa mambo, na kwamba maelezo yanayopishana si lazima yawe ya uongo.

Sikujua ningelihitaji somo hilo kiasi gani mpaka nilipokuwa wakili. Mteja wangu mmoja alinyimwa hifadhi kwa sababu alitaja miezi miwili tofauti ya kukamatwa kwake, na uamuzi mzima ukajengwa juu ya tofauti hiyo. Nilipokaa naye upya, pamoja na mkalimani aliyemwamini, sikumuuliza mwezi. Nilimuuliza mtoto wake alikuwa darasa gani siku ile na nani alimpokea aliporudi kutoka shule. Matukio yakaanza kujipanga yenyewe. Daktari alieleza makovu yake kwa maandishi, rufaa ikasikilizwa, na akashinda. Ninaamini kwamba wakili asiyewahi kukaa na mtu aliyeumizwa angelipoteza kesi ile hata kama anazijua ibara zote kwa moyo.

Kilichonirudisha, hata hivyo, ni sheria yenyewe. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamtaka mtu aonyeshe kwamba ana hofu yenye msingi ya kuandamwa kwa sababu ya rangi yake, dini, utaifa, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa, kwa hiyo mara nyingi nililazimika kumweleza mtu aliyekimbia mabomu kwamba mabomu pekee hayatoshi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliipanua tafsiri hiyo, ukamtambua pia anayelazimika kuikimbia nchi yake kwa sababu ya uvamizi, utawala wa kigeni au matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa umma. Baada ya miaka mingi ya kubanwa na tafsiri finyu, nataka kufanya kazi palipo na ile pana, na kuona inatekelezwa kwa mtu aliye mbele yangu, si kwenye karatasi tu.

Haki ya mtu kurudi nchini kwake imo katika Ibara ya 13 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, na imo pia katika Ibara ya 12 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Lakini mkimbizi anayechukua tena pasipoti ya nchi aliyoikimbia anaweza kuhesabiwa kuwa amerudi chini ya ulinzi wake, na hadhi yake ikakoma. Mama mmoja niliyemtetea alifiwa na baba yake, akaniuliza kama angeweza kwenda kuzika na kurejea. Ilinibidi nimweleze hatari hiyo neno kwa neno. Alikunja karatasi alizokuwa nazo, akashukuru, akaenda zake, na hakusafiri. Katika yote niliyowahi kumshauri mteja, hilo ndilo lililoniumiza zaidi, ingawa lilikuwa sahihi kisheria.

Siku ya kuagana aliniuliza, "Wakili, nyumbani utamkuta nani?" Nilimjibu kwamba mama yangu bado yupo. Akaniomba nimsalimie. Nilizifikisha salamu hizo kabla sijafungua mizigo.