Jumapili ya Mnada, Machame

Njia ya Dar es Salaam hadi Moshi sitaieleza sana, aliyewahi kupita anaijua: Chalinze, Segera, chai ya kugombania Korogwe, mkonge mpaka unachoka kuutazama, halafu Same, ambako hata upepo wa dirishani una joto. Nilikuwa nakwenda kwa baba mkubwa. Kila mwaka hunialika kwenye sikukuu ya mavuno ya usharika wao, na kila mwaka namjibu "mwakani, Mungu akipenda". Safari hii aliniuliza kwenye simu kama huyo Mungu ninayemsingizia anazo taarifa.

Moshi nikapanda Hiace. Tukashika barabara ya Arusha hadi njia panda ya Machame, kisha tukaanza kupandisha, na hapo ndipo safari ilipokuwa tamu. Vumbi likabaki bondeni. Migomba na mibuni ikabana barabara pande zote mbili, maji yakawa yanasikika mferejini hata pale usipoyaona. Wamisionari wa Leipzig walifika huku mwaka 1893, na Ulutheri umeota kama masale: kanisa, shule, hospitali, ukikata kona kanisa jingine.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nauli wamekutoza ngapi?"

Ndivyo alivyo. Aliingia kwenye kahawa akiwa karani wa mizani, enzi ambazo ushirika ndio uliokuwa ukisomesha watoto wa mlima huu. Akajiendeleza usiku kwa usiku mpaka akawa mhasibu, akastaafu kwa lazima alipofikisha miaka 60. Wenzake walirudi kwenye mifugo. Yeye alipumzika wiki chache, mama mkubwa akaona anakagua risiti za dukani, akaenda mwenyewe kumwambia mchungaji ampe kazi. Tangu hapo ni mtunza hazina wa usharika, na hapokei hata senti.

Jumamosi jioni alitandaza vifaa vyake mezani: leja, kitabu cha stakabadhi, karatasi ya kaboni, kalamu ya bluu na nyekundu. Mjukuu amemwekea programu ya hesabu kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa naye anaitumia, lakini kwanza huandika kwa mkono. Bahasha za ahadi zina namba badala ya majina. Wapo wazee wa kanisa waliotaka majina ya watoaji yasomwe wakati wa matangazo, eti ihamasishe. Akakataa. "Namba haina ukoo," aliniambia. Nadhani yuko sahihi, ingawa najua kusoma majina kunaongeza makusanyo. Aibu nayo inachangia.

Ibada yenyewe ilikuwa ya tarumbeta na kwaya tatu, ndefu kama zilivyo ibada za mavuno. Baba mkubwa haimbi sana. Alikaa pembeni, macho kwenye vikapu.

Baada ya baraka tukatoka nje, na mnada ukaanza. Asiyeujua mnada wa kanisa aelewe hivi: mtu hutoa alichonacho, mkungu wa ndizi, trei ya mayai, parachichi, jogoo aliyefungwa miguu, na vyote huuzwa palepale uwanjani fedha iingie kanisani. Mnadi alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kituo cha mabasi. Trei ya mayai ilinunuliwa kwa elfu kumi na mbili, mnunuzi akasema anairudishia kanisa, ikanadiwa upya, ikanunuliwa, ikarudishwa tena. Watu wanacheka, wanapiga vigelegele. Kwa mhasibu huo ni mtihani: mayai yale yale, mauzo matatu, na mmoja wa wanunuzi anapiga kelele kwamba atalipa mwisho wa mwezi. Baba mkubwa ana safu mbili, ya waliolipa na ya wanaodaiwa, na ya pili haijumlishi kwenye makusanyo hata apigiwe magoti. Mgeni rasmi mmoja aliwahi kutamka ahadi nono ya bati za paa, uwanja mzima ukasimama kushangilia. Kwenye leja iliingia sifuri, na bado ni sifuri.

Nami nikapandwa na mori, nikashindania mkungu wa ndizi mshare mpaka elfu kumi na nane. Nilikuwa na noti kubwa tu, chenji haikuwepo. Nikasema nitatuma kwa simu.

Kuhesabu kulifanyika ofisini, mlango wazi, wazee wawili wakihesabu na wa tatu akirudia. Sarafu kwanza, noti baadaye. Fedha ilipishana na karatasi kwa shilingi mia mbili. Mzee mmoja akatoa sarafu mfukoni ili twende tukale mtori. Baba mkubwa akamrudishia. Tukahesabu upya mpaka ile mia mbili ikaonekana, imenasa kwenye mkunjo wa bahasha, na mtori tukaukuta umepoa.

Jumatatu tuliteremka pamoja Moshi, yeye akienda benki, mimi stendi. Aliniambia nitangulie. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti, ndizi ziko kwenye buti la basi, nikamwona anapita kati ya wauza karanga akisoma namba za mabasi. Akagonga kioo.

"Elfu kumi na nane, mwanangu."

Nikatuma palepale. Akasubiri ujumbe uingie, akauvalia miwani, akaandika stakabadhi juu ya goti na kunipitishia dirishani nakala halisi. Ya kaboni akabaki nayo.