Siku moja maishani mwangu: Docker kwenye Raspberry Pi, duka la spea Kariakoo

Saa 11 na nusu alfajiri niko kituoni Kimara, begini kuna laptopu, memori kadi mbili na chaja ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya kiganjani) ambayo siiachi nyumbani hata nikienda msibani. Mwendokasi ilijaa kama kawaida, nimesimama mpaka Gerezani.

Saa 2 kasoro nafika dukani. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, leo utanimalizia? Huyu mama anauza spea za pikipiki na hesabu zake zote ziko kwenye kaunta buku moja, jalada limebandikwa solotepu, kurasa zimeingia grisi mpaka 3 na 8 huzitofautishi. Anataka stoku ikae kwenye kompyuta, na kwa duka la ukubwa ule Raspberry Pi 4 inatosha kabisa, haili umeme mwingi na unaifunga nyuma ya skrini haionekani. Ilikuwepo tayari, fundi aliyetangulia aliiacha hapo. Kazi yangu ni kuweka Docker (inayoendesha kila programu ndani ya kontena lake), postgres (hifadhidata) na programu ya stoku niliyomwandikia.

Saa 2 na nusu napiga apt update, amri ya kuvuta orodha mpya ya vifurushi vya programu, inakataa. Inasema mafaili ya huko inakochukulia vifurushi bado hayajaanza kutumika mpaka yapite masaa kadhaa. Hapa watu wengi wanaanza kuhangaika na anwani za vifurushi, lakini angalia saa kwanza. Usiku umeme ulikatika, Pi 4 haina betri ya kutunza saa, ikiwaka inaendelea na muda iliouhifadhi mwisho, kwa hiyo yenyewe ilikuwa bado iko jana saa 4 usiku. Kawaida inajirekebisha ikipata intaneti ila wifi ya lile jengo hairuhusu maombi ya saa kupita, amri ya timedatectl ikaonyesha wazi saa haijalingana. Nikawasha hotspoti ya simu, ikakaa sawa hapo hapo.

Saa 3 Docker imeingia bila shida. Ile hitilafu ya kunyimwa ruhusa ya docker.sock, mlango wa kuongea na Docker, nadhani wengi wanaijua, unajiongeza kwenye kundi la docker kwa usermod -aG docker $USER, toka, ingia tena. Halafu navuta postgres, jibu linakuja kwamba hakuna imeji (programu iliyofungashwa tayari kwa Docker) ya linux/arm/v8, yaani ya aina hiyo ya prosesa.

Hapa ndo pametumia asubuhi yangu na naomba mpaelewe vizuri kwa sababu panachanganya mafundi wengi. Ukipiga uname -m inakwambia aarch64, yaani biti 64, unaridhika. Lakini hiyo ni kerneli, kiini cha mfumo, peke yake inayojibu. Piga dpkg --print-architecture, mimi ikanijibu armhf, yaani programu zote juu ya hiyo kerneli ni za biti 32. Tangu 2023 mfumo wa biti 32 wa Raspberry Pi ukiwekwa kwenye Pi 4 unawaka na kerneli ya biti 64 bila kukuuliza. Sasa Docker ni ya biti 32, inaangalia chini inaona prosesa ya v8, inaenda kuomba imeji ya v8 ya biti 32 ambayo waliotengeneza postgres hawakuitoa, wametoa v7 ya biti 32 na wametoa arm64 ya biti 64. Yaani mzigo upo dukani ila umeuliziwa kwa jina ambalo muuzaji halijui.

Njia ya haraka ipo, unaandika arm_64bit=0 kwenye faili la mipangilio, config.txt, unazima unawasha, kerneli inarudi 32 na imeji ya v7 inakubali. Sikuitumia. Docker wenyewe walishasema toleo la 28 ndo kubwa la mwisho kwa Raspberry Pi OS ya biti 32, na mimi siwezi kumwachia mama kitu ambacho njia yake ya apdeti imeshafungwa. Data hakuna bado, kwa hiyo saa 4 na nusu nachomoa kadi, naweka mfumo wa biti 64 kwenye kadi mpya, na safari hii vifurushi vya Docker unachukua vya Debian arm64, sio vya Raspbian ambavyo ni vya biti 32. Postgres ikashuka mara moja.

Saa 6 napakia imeji ya programu yangu niliyoijenga kwenye laptopu, exec format error. Laptopu ni amd64, Pi ni arm64, lugha mbili tofauti. Ningeweza kutumia buildx, zana ya Docker ya kujenga imeji kwa prosesa nyingine, lakini nikaona nijenge hapo hapo kwenye Pi, nikaagiza wali maharage nikijua nikimaliza na yenyewe imemaliza. Wapi. Saa 7 na nusu haijafika nusu na alama ya radi inakuja na kupotea kwenye kona ya skrini. Nikapiga vcgencmd get_throttled, ikajibu 0x50005, yaani umeme hautoshi na prosesa imejipunguza kasi. Nafuata waya nyuma ya kabati nakuta kuna mtu kaweka chaja ya simu, waya mwembamba kama uzi. Pi 4 inataka volti 5 na ampia 3, usiibanie. Nikachomeka ya kwangu, nikaanza upya, dakika chache tu imekwisha.

Saa 9 nimetoka kwenda kutafuta kile kimoduli cha saa, DS3231, kina betri yake, nimekipata duka la pili. Nimekifunga, nimekijaribu bila intaneti, tarehe inashika.

Saa 10 na nusu mama anakaa kwenye kibodi. Anaandika kwa kidole kimoja, taratibu, plagi 14. Nikamwambia mama samahani, nikachomoa umeme. Akashtuka, "We mwanangu!" Nikachomeka tena, makontena yote mawili nimeyawekea restart unless-stopped, yaani yajiwashe yenyewe, tukasubiri wote tumesimama. Ukurasa ukafunguka, plagi 14. Akavuta kaunta buku, akafungua ukurasa wa cheni, akaniambia nimsomee namba yeye aandike.