Kikohozi kilichoanza nikishasimama

Dar es Salaam nilikimbia miaka sita bila kukohoa. Kilomita 10 kila Jumamosi, nikimaliza natiririka jasho, nakunywa dafu, naenda zangu. Kisha kazi ikanihamishia Njombe, mwezi wa sita, karibu mita 2,000 juu ya bahari.

Asubuhi ya kwanza kulikuwa na nyuzi 8 na ukungu mzito barabara ya Kibena. Nilikimbia vizuri tu. Nilipokaa barazani kuvua viatu, ndipo kifua kikaanza kubana. Kikaja kikohozi kikavu kisichotaka kukatika, na nikitoa pumzi nasikia kama filimbi kwa mbali. Baada ya nusu saa hivi kikaisha chenyewe.

Wenzangu wakasema ni baridi, nitazoea. Mama naye kwenye simu: "Mwanangu, vaa sweta, utapata nimonia." Nikavaa sweta, nikanywa tangawizi, nikapunguza mwendo nikidhani ni mwinuko unaonishinda. Bado. Karibu niache kukimbia kabisa, na hilo bado linaniuma, kwa sababu dalili ilikuwa wazi. Anayezidiwa na mwinuko hutweta akiwa anapanda, akisimama anapata nafuu. Mimi ilikuwa kinyume: tabu ilianza nikishasimama.

Daktari alinipa kile kibomba cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi. Nikiwa nimetulia nilipata 560, akaridhika nacho. Akasema, "Kaka, nenda nacho. Kesho kimbia kama kawaida, halafu upulize kila dakika 5." Dakika ya 10 baada ya kusimama nilipata 460, yaani pungufu ya karibu asilimia 18. Dakika ya 40 nilikuwa nimerudi 550.

Alinieleza hivi. Mtu aliyekaa huvuta lita 6 hivi za hewa kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu zinaweza kupita 100, na nyingi huingia kwa mdomo, kwa hiyo pua haipati nafasi ya kuipasha joto na kuilowanisha. Kazi hiyo inabaki kwa mirija ya hewa, nayo hutoa maji yake yenyewe. Ikikauka, seli zake huachia kemikali kama zile za mzio, na misuli inayoizunguka hujikaza. Wakati wa kukimbia, pumzi ndefu na adrenalini huizuia isijifunge. Ukisimama, kizuizi hicho kinaondoka. Huhitaji kuwa na pumu ili yakukute.

Nikamuuliza kuhusu ukungu, maana si ni maji? Kumbe hewa ya nyuzi 8, hata ikiwa na ukungu, hubeba mvuke chini ya robo ya ule inaouhitaji ikifika kifuani kwenye nyuzi 37. Joto la Dar nililokuwa nikililalamikia ndilo lililokuwa likinitunza.

Kilichonisaidia zaidi ni kupasha mwili. Zamani nilitoka mlangoni nikikimbia. Sasa naanza taratibu dakika 10, kisha vipande sita au saba vya kasi vya nusu dakika, napumzika kidogo, ndipo naanza safari yenyewe. Mirija ikishachokozwa mapema hivyo, mara nyingi hutulia kwa saa moja au zaidi. Nafunika pua na mdomo kwa skafu, na siku za baridi kali nasubiri saa kumi jioni. Daktari alinipa pia inhela ya salbutamoli, dawa inayolegeza misuli ya mirija ya hewa, ya kuvuta dakika 15 kabla ya kukimbia, ila akanionya nisiitumie kila siku, kwani nguvu yake hupungua. Naiweka kwa siku za mashindano.

Jumamosi iliyopita tulikimbia kilomita 16. Dakika 10 baada ya kumaliza nilipuliza 540. Kijana mmoja wa kundi letu alikuwa amekaa kwenye ngazi akikohoa, wenzake wakimwambia ni baridi, atazoea. Nikachuchumaa karibu yake, nikamuuliza: inakuanza ukiwa unakimbia, au ukishasimama?

Akafikiri kidogo. "Nikishasimama, kaka."

Nikampa kile kibomba.