Mwongozaji akae benchi la nyuma

Kila mwaka darasa langu la uongozaji huanza na ubishi uleule. Wanafunzi wanataka tamthilia nzima. Wanakuja na mipango ya taa, maleba ya kukodi, ngoma za kufungulia, na hakosi mmoja mwenye wazo la moshi. Mimi nawapa mistari minane:

— Hodi.
— Karibu.
— Shikamoo.
— Marahaba. Umekuja peke yako?
— Ndiyo.
— Kaa basi.
— Sitakaa sana.
— Chai ipo.

Basi. Wahusika hawana majina, mahali hapatajwi, maelekezo ya jukwaani hakuna. Niliiandika mwenyewe na haina utamu wowote, ndiyo maana inafaa. Kila mwongozaji anapewa waigizaji wawili, meza, viti viwili na chaki ya kuchora mlango sakafuni. Akatafute hawa ni nani, kisha atuletee onyesho lisilozidi dakika mbili.

Mara nyingi wanaanza na mama mwenye nyumba na mpangaji. Sishangai. Hapa Dar nani asiyejua kodi ya miezi sita inayotakiwa kwa mkupuo? Wazo si baya hata kidogo. Kinachoniudhi ni namna wanavyolisimamisha: mama na mpangaji bega kwa bega, wote wawili wanatutazama sisi, kama watu waliosimama kupigwa picha ya mahafali. Vijana hawa wamejifunza kuigiza kwa kutazama simu. Simu ikishikwa wima, picha yake ni nyembamba, na watu wakiachana hatua tatu mmoja wao haonekani tena. Kwa hiyo wamezoea kubanana. Nawaambia: jukwaani hamna haja hiyo, ile nafasi iliyo wazi kati ya watu wawili ndiyo mtaji wenu. Mweke mmoja mlangoni, mwingine mpeleke ukuta wa pili, na asisogee mtu mpaka apate sababu ya kusogea.

Hapo ndipo mistari inaanza kuzaa. Mwaka jana binti mmoja wa Tanga alimkalisha mama chini, ungo mapajani, anachagua mchele. Mgeni anasema shikamoo. Mama hainui kichwa. Anatafuta kijiwe, anakipata, anakitupa kwenye sahani ya bati, tunasikia kile kijiwe, ndipo anaitikia marahaba. Darasa zima lilitulia. Hakuna aliyeambiwa kwamba mama amekasirika, na kwa kweli hatukujua kama ni hasira au ni aibu. Lakini sote tumelelewa kwenye nyumba ambamo mkubwa akichelewa kuitikia, mtoto anaanza kujikagua. Mwongozaji aliijua hadhira yake. "Umekuja peke yako?" iliyofuata ilikuwa nzito kuliko hotuba yoyote ambayo angeweza kuiandika.

Nina makatazo mawili, na yote mawili yananiletea malalamiko.

La kwanza, mwongozaji haruhusiwi kutaja hisia. Mwambie mwigizaji "huzunika zaidi" uone: atainamisha shingo, atashusha sauti, ataburuta miguu. Huzuni ya kuchora. Badala yake mpe kazi ya kumfanyia mwenzake. Mfanye akae. Mfanye aondoke bila wewe kumfukuza. Mpime kama anajua. "Chai ipo" inayosemwa ili mtu asiondoke na "Chai ipo" inayosemwa ili mazungumzo yaishe hapo hapo haziwezi kutoka mdomoni kwa namna moja, na mwigizaji hahitaji kuelekezwa sauti ipande wapi. Itapanda yenyewe.

La pili, mwongozaji asiinuke kuonyesha. Wanaojua kuigiza ndio wanaosumbuka zaidi hapa. Wakiona mstari umelala, wanaruka jukwaani, wanausema wao kwa ufundi, wanarudi kukaa. Mwigizaji anaiga, na tunabaki na nakala hafifu ya mtu aliyekaa pembeni. Kwa hiyo mwongozaji wangu anakaa benchi la nyuma kabisa, na katika mzunguko wa kwanza hasemi neno. Anaandika tu kile alichokiona. "Alitazama mlango mara mbili," sawa. "Alikuwa na wasiwasi," futa, hayo ni maoni yako.

Kuna wenzangu wanaoamini kwamba haya yangengoja mpaka wamalize nadharia, Aristotle kwanza, Stanislavski, yule Mrusi mwalimu wa uigizaji, baadaye. Siwalaumu. Ila nimeona kwamba aliyeshindwa kuhamisha kiti kimoja mbele ya wenzake anamsoma Stanislavski kwa njaa ambayo mhadhara haumpi.

Wakishatoka kwenye mistari minane tunafungua *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, iliyochapishwa mwaka 1969, na tunachukua sehemu ya mwisho tu. Vita vimeshindwa. Kinjeketile ni mfungwa, Kitunda, mwenzake wa vitani, yupo naye, na Wajerumani wanamtaka atamke kwamba yale maji ya kuwakinga watu na risasi yalikuwa uongo. Anakataa. Karibu kila mwanafunzi huiongoza kama hotuba ya sikukuu ya taifa: kifua mbele, mkono juu, sauti ya kuezua paa. Nawarudisha nyuma kwenye tamthilia. Mtu huyu ameshaingiwa na shaka siku nyingi, tangu alipong'amua kwamba ule ujumbe aliopewa akiwa amepagawa ulizungumzia pia kuwa wana wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, yaani kutawaliwa na mgeni mwingine. Anakataa kukanusha jambo ambalo yeye mwenyewe hana uhakika nalo. Sasa niambie, maneno hayo anamwambia nani? Anataka kumfanya nini?

Kijana mmoja alijibu kwa kumgeuza Kinjeketile atupe mgongo. Tulimwona Kitunda peke yake, na kila alichokisema Kinjeketile tulikisoma usoni kwa Kitunda. Mwigizaji mkuu alinuna, maana alikuwa amewaalika ndugu zake waje kumwona. Mimi nilivutiwa. Kisha mvua ikaanza, na ukumbi wetu umeezekwa bati, hatukusikia tena hata neno moja kutoka kwenye ule mgongo. Mwongozaji akashuka kutoka nyuma, akamgeuza Kinjeketile robo tu, shavu likaonekana, sauti ikatufikia. Kitunda akabaki palepale. Ilikuwa bora kuliko mwanzo, na ndugu walipiga makofi.

Kuhusu alama, kwa kuwa ndilo swali la kila muhula: nusu natoa kwa onyesho lenyewe, nusu kwa daftari la mazoezi, na daftari nalisoma kurasa zote. Mwaka huu mmoja ameniletea daftari safi mno, mwandiko mmoja na wino mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Nimemrudishia na kumwomba lile chafu.